Mama Tanzania wa Nyakitonto

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule kufundisha, nilipita jikoni kwa bibi Esteri, mwenye nyumba wangu, kuomba moto. Kiberiti nilikuwa nacho, na yeye alijua ninacho. Alikiona dirishani kila alipoingia chumbani kwangu kuniletea ndizi. Moto ulikuwa kisingizio. Nilichofuata ni salamu.

Kule Nyakitonto watu hawasalimiani kwa mbali. Bibi Esteri aliacha kwanza alichokuwa anafanya, akajifuta mikono kwa upindo wa kitenge, akanishika mikono yote miwili juu ya viwiko. Nami nilimshika hivyo hivyo. Tukishakamatana ndipo maneno yalipoanza. Mwakeye, alisema kwa Kiha, kisha akahamia Kiswahili kwa ajili yangu. Umeamkaje? Paa halikuvuja? Watoto wa shule je? Na ng'ombe? Sina ng'ombe, sijawahi kuwa na ng'ombe, lakini ng'ombe nao waliulizwa, na nilijifunza kujibu kwamba hawajambo. Mwishoni, kila siku, lilikuja swali la kufungia.

"Na kwenu?"

"Kwetu Pangani hawajambo, bibi."

Hapo ndipo aliponiachia, akachagua kaa zuri la moto, akaliweka kwenye kigae changu nikaenda nalo.

Mimi ni mtu wa haya. Tangu utotoni, nikisimama mbele ya mtu mzima, maneno yangu hutawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. Chuoni nilifaulu kila kitu isipokuwa kuinua mkono. Lakini salamu za bibi Esteri zilikuwa njia ninayoijua kila kona yake. Hakuna aliyenitaka nibuni kitu. Nilishikwa mikono, nikaulizwa, nikajibu, na nilipofika mwisho nilijiona nimezungumza na mtu kweli. Siku nzima iliyofuata ilikuwa nyepesi.

Asubuhi moja ya Machi, mwaka 2014, tulikuwa tumefika kwa ng'ombe wakati baiskeli ilipoingia uani, breki zake zikilia.

"Mwalimu Nasma," akaita Mwalimu Mkuu, Mwalimu Leonidasi, kabla hata hajashuka. "Muache bibi wa watu, tuna kazi kubwa."

Bibi Esteri aliniachia mikono. Lile swali la mwisho halikuulizwa siku ile. Nilitoka na kaa langu la moto, na hadi jioni nilikuwa na hisia kwamba kuna mlango mahali fulani nimeuacha wazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Mwezi wa nne Muungano ungetimiza miaka hamsini, na sherehe ya kata ingefanyika uwanjani kwetu. Shule yetu ilipewa igizo.

"Nchi iwe mwanamke," Mwalimu Mkuu alinieleza tukitembea, yeye akisukuma baiskeli. "Mama Tanzania. Asimame juu ya jukwaa, amependeza, ameshika taa. Mikoa ije mmoja mmoja kumwamkia na kumpa zawadi. Wewe pembeni unasoma historia yake. Utayaandika maneno."

"Maneno gani, mwalimu?"

"Ya kwenye karatasi. Ya mdomoni najua huna." Alicheka, nami nikacheka, maana hakuwa na ubaya. Kisha akapunguza mwendo. "Na mgeni rasmi ni afisa wetu wa elimu. Mama yako amenipigia. Kuna shule pale Kasulu mjini inahitaji mwalimu wa darasa la tatu. Mgeni atakuuliza siku hiyo hiyo kama uko tayari kuhamia. Ukisema ndiyo, umeondoka. Ukisema hapana, basi, watatafuta mwingine. Hakuna atakayekulazimisha."

Jioni mama alinipigia mwenyewe. Mama yangu, Mwajabu, ana duka la nguo karibu na soko la Kasulu, na sauti yake imezoea kuvuka barabara. Alisema chumba changu kimepakwa rangi. Godoro jipya limeshafika. Tangu kaka zangu, Omary na Saady, wahamie Dar es Salaam, nyumba imekuwa kubwa mno. Akimaliza kufunga duka anakula na redio.

"Utasema ndiyo, eti Nasma?"

"Sawa, mama."

Sawa ndilo neno nililolitumia nyumbani kwetu kwa kila kitu, kwa chakula, kwa rangi ya gauni, kwa kozi ya kusomea. Lilikuwa linamaliza mazungumzo haraka. Lakini safari hii nilikata simu nikakaa kitandani nikiitazama michikichi ya jirani, na nilijua ninachotaka bila shaka yoyote. Nilitaka kubaki Nyakitonto. Darasa langu la tatu lilikuwa limeanza kusoma kwa sauti bila kuogopana. Ukungu wa asubuhi niliupenda, hata matope ya njia ya kisimani niliyapenda. Zaidi ya yote, watu wa pale walikuwa wananingoja nimalize sentensi. Kulitaka jambo kwangu hakukuwa kugumu. Kulitamka ndiko kulikonishinda.

*

Mama Tanzania wangu wa kwanza alikuwa mrembo. Niliandika kwamba Kilimanjaro ni kilemba chake cheupe, maziwa ni macho yake, visiwa vya karafuu ni hereni zake. Mwalimu Mkuu aliusoma ukurasa ule akiwa amesimama, akasema ni safi, tena safi sana.

Nilimsomea na bibi Esteri, alasiri moja akimenya muhogo. Alisikiliza huku kisu chake kikienda. Nilipomaliza aliuliza, "Ana watoto wangapi?"

"Nani, bibi?"

"Huyo mwanamke."

"Ni nchi, bibi. Ni mfano tu."

"Ego, ndiyo, ni mfano. Lakini ana miaka hamsini, na uso kama yai? Halimi? Hajafiwa?" Alitupa kipande cha muhogo kwenye beseni. "Au anaishi hotelini?"

Nilicheka mpaka karatasi ikaniponyoka, ikalowa kwa maji ya muhogo. Yeye hakuwa anatania sana. Alianza kunihadithia habari za baba yake, ambaye alichukuliwa manamba kwenda kukata mkonge Tanga kabla yeye hajazaliwa, akarudi na blanketi jekundu na maneno machache ya Kiswahili, karibu yote ya kuamrisha. Kwa hiyo, alisema, Kiswahili cha kwanza kusikika nyumbani kwao kilikuwa "pangeni mstari" na "haraka," na mama yake alidhani ndivyo watu wa huko wanavyosalimiana.

Tangu siku ile nilirudi jikoni kwake kila alasiri, na ule ukurasa wa kwanza niliutumia kuwashia jiko. Nilianza kumwona mwanamke mwingine kabisa. Utotoni mwake wageni walimwita majina waliyochagua wao, naye aliitika kwa sababu alikuwa mdogo. Kaka zake wakubwa walibebeshwa mizigo ya vita visivyo vyao, na wengine hawakurudi kusema walifika wapi. Baba yake alirudi na blanketi. Alikuwa msichana mwenye matiti machanga siku bendera ilipobadilishwa. Alicheza ngoma hadi visigino vikapasuka, na kesho yake akaamka kwenda shamba kama kawaida, kwa kuwa magugu hayakuwa na habari. Kisha akaunganisha nyumba na mdogo wake wa visiwani. Walikubaliana ukuta uwe mmoja, ila kila mmoja akabaki na chungu chake, na hadi leo wanachunguliana kujua mwenzake amepika nini.

Alihamishwa kwenda kijiji kipya kwa lori, amepakata jiwe la kusagia kwa sababu hakumwamini mtu mwingine kulibeba. Alijifunza kusoma akiwa na mtoto mgongoni, na herufi ya kwanza aliyoipenda ilikuwa M, maana aliiona ina mabega. Alipanga foleni ya sabuni na sukari, akarudi bila sukari, akanywa chai ya chumvi wakachekana na jirani. Na mara kadhaa maishani mwake, watu kutoka ng'ambo ya mpaka walitokea barabarani wamebeba magodoro na masufuria, watoto wamewafunga migongoni, wakaomba maji. Aliwapa maji, kisha mahali pa kulala. Wengine walirudi kwao. Wengine wajukuu zao sasa wako darasa la tatu kwangu, wanasoma kwa sauti.

Hakuwa mrembo. Alikuwa na mikono mikubwa.

Niliandika hayo yote, na nilipoinua kichwa niliona kwamba namwandika mtu aliyekaa mbele yangu na kisu cha muhogo. Jiwe la kusagia lilikuwa pale pale mlangoni. Nilitamani kumwambia Mwalimu Mkuu kwamba Mama Tanzania tunaye, hana haja ya kutafutwa. Badala yake nilimpelekea karatasi, akaipenda pia, akasema atamchukua Epifania wa darasa la saba, kwa kuwa ni mrefu na ana shingo.

"Sawa," nikasema.

*

Mama alifika Ijumaa, siku moja kabla ya sherehe, kwa Noah iliyojaa hadi mlangoni. Alikuwa ameshona vazi mwenyewe: khanga za kijani na nyeusi, pindo la njano na buluu, na mtandio wake. Alikwenda moja kwa moja uwanjani tulipokuwa tunafanya mazoezi. Epifania alikuwa juu ya jukwaa la mbao, amenyoosha shingo, taa ya chemli mkononi, wadogo wakipita mbele yake na vibao vya mikoa.

Mama alisimama, akamtazama, akazunguka upande wa pili akamtazama tena.

"Huyu ndiye nchi?"

"Ndiye, mama," akajibu Mwalimu Mkuu.

"Ya miaka hamsini? Mbona hata barua ya posa haijaletwa."

Watoto walianguka kwa kicheko. Epifania mwenyewe alicheka, akashuka upesi kama aliyekuwa anasubiri ruhusa. "Hata mimi nilisema, mwalimu. Nikisimama pale najiona kama bango la sabuni."

"Sasa leo nitampata nani?" Mwalimu Mkuu alikuna kichwa. "Watu wazima wote wako kwenye maharage."

"Si muulize aliyeandika," mama akasema. "Nasma, huyu mwanamke wako ni nani?"

Wote walinigeukia. Jibu lilikuwa pale, limeiva, lakini halikutoka. Sikuweza hata kunyoosha kidole. Nilichoweza ni kutazama. Bibi Esteri alikuwa anashuka njiani na ungo wa mahindi ya kuchemsha kwa ajili ya watoto, na macho yangu yalimwendea yeye yakakaa hapo.

Mama, aliyemjua bibi tangu aliponileta kijijini, alifuata macho yangu. Ana uzoefu, alinilea kwa kufuata macho.

"Haya," akasema. "Dada Esteri, weka ungo chini, njoo nikupime."

Bibi Esteri alipoelezwa alikataa. Alisema Kiswahili chake ni cha shambani, watu watacheka, na hajui kusema mbele ya wakubwa.

"Husemi kitu, bibi," Mwalimu Mkuu alimtuliza. "Ndiyo uzuri wake. Unasimama kama sanamu na taa yako. Watoto wanakuja, wanakuamkia, wanaweka zawadi, wanapita. Mwalimu Nasma anasoma. Wewe kimya."

"Wananiamkia, nami niko kimya?"

"Kimya kabisa."

Bibi Esteri aliitazama taa. "Ego," akasema polepole, kwa namna ya mtu aliyeambiwa ale ugali kwa uma.

Mama hakuliona tatizo. Yeye asili yake ni pwani. Mimi sikuliona kwa sababu nilikuwa na furaha. Lakini Mwalimu Mkuu, mzaliwa wa Kumsenga, aliyelelewa na bibi wa Kiha, alipaswa kuliona kabla ya mtu yeyote.

Jioni tulikula ugali wa muhogo, maharage na samaki, sote watatu, jikoni kwa bibi. Mama alimega tonge, akaniambia, "Kesho ukisema ndiyo, iseme kwa sauti. Usije ukanong'ona, mheshimiwa akadhani umenuna."

"Sawa, mama."

Bibi Esteri alinichagulia kipande kikubwa cha samaki, akakiweka upande wangu wa sahani.

*

Mvua ilinyesha alfajiri ikaacha. Watu walikuja kutoka Makere na kwingineko, wanawake na miavuli, wazee na redio zao. Chini ya turubai walikaa wakubwa. Mgeni rasmi alikuwa mtu mfupi, mpole, aliyevaa suti na buti za mpira. Mama alikaa mstari wa pili, amejifunga khanga mpya, akinitazama kama anayesubiri basi.

Nilisimama pembeni na kipaza sauti. Kusoma naweza; karatasi haikutazami usoni. Bibi Esteri alipanda jukwaani. Vazi lilimkaa. Alishika taa, akanyoosha mgongo. Nilisoma kuhusu mtoto aliyeitwa majina asiyoyachagua. Nikasoma kuhusu baba na blanketi. Kisha mkoa wa kwanza ukaja.

Alikuwa Niyonsaba, wa darasa la pili, na kibao kilichoandikwa TANGA na fungu la kamba za mkonge. Alipiga goti kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, Mama Tanzania."

Bibi Esteri alimtazama. Aliitazama taa. Akamtazama tena mtoto, ambaye bado alikuwa amepiga goti akingoja, maana hakuna mtoto wa kule anayeinuka kabla hajaitikiwa. Nilimwona bibi akikaza midomo. Kisha akaweka taa chini, akashuka jukwaani taratibu, akajifuta mikono kwenye vazi jipya alilolishona mama yangu, akamshika Niyonsaba mikono yote miwili.

"Marahaba, mwana wanje. Mwakeye. Umeamkaje?"

Niyonsaba aliitikia yote bila kusita; alikuwa amelelewa hivyo. Paa halikuvuja. Shule iko salama. Ng'ombe hawajambo. Mwalimu Mkuu alianza kunipungia mkono kwa nguvu, akionyesha saa, akionyesha jukwaa. Nilikishusha kipaza sauti nikawasikiliza.

"Na kwenu?" bibi Esteri akauliza.

Mtoto alifungua mdomo, akakumbuka kibao, akakisoma. "Kwetu ni Tanga."

"Tanga hawajambo?"

"Hawajambo."

"Baba yangu alikata mkonge wa kwenu. Alirudi na blanketi, na mgongo haukunyooka tena. Wasalimie. Waambie blanketi lilitufaa."

Halafu mzee mmoja nyuma akapiga makofi, na makofi yakasambaa kama mvua inavyoingia kwenye bati.

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kulizuia. Mwanza ikaja na pamba, ikashikwa mikono, ikaulizwa kama ziwa linawapa samaki. Kilimanjaro ikaja na kahawa, ikaulizwa kama baridi haiwasumbui. Unguja na Pemba walikuja pamoja, wamebeba karafuu kwenye kikopo.

"Nyinyi mnakaa nyumba yetu?" akawauliza.

"Ndiyo, bibi."

"Tunapika chungu kimoja?"

Watoto walitazamana. "Viwili, bibi."

"Na tunaonjana?"

"Tunaonjana."

"Basi inatosha," akasema bibi Esteri, na kicheko kilichopigwa hapo kilimfanya mgeni rasmi afute macho kwa leso. Karatasi yangu niliikunja nikaiweka mfukoni. Kila nilichokuwa nimekiandika kilikuwa kinatembea kwa miguu yake, kwa Kiswahili cha shambani, na hakuna aliyemcheka kwa ubaya.

Mikoa ilipoisha, ratiba ilikuwa imekufa. Mgeni rasmi aliinuka kuja kutoa hotuba, lakini ili afike kwenye kipaza sauti ilimbidi apite mbele ya Mama Tanzania, na kwa adabu yake aliinamisha kichwa. "Shikamoo, mama." Ikawa ndiyo tiketi. Alishikwa juu ya viwiko, suti na yote.

"Na kwenu?"

"Kwetu Songea, mama."

"Mama yako yupo?"

"Yupo."

"Ulimpigia simu lini?"

Mheshimiwa alikohoa. "Nitampigia leo."

"Ego," akasema bibi, akamwachia.

Mgeni alinifikia akiwa bado anacheka. "Mwalimu Nasma ndiye wewe? Hongera sana. Nimeambiwa kuhusu nafasi ya mjini." Kipaza sauti kilikuwa wazi kati yetu, na swali lake lilikwenda hadi nyuma ya madarasa. "Je, uko tayari kuhamia Kasulu?"

Nilifungua mdomo. Kuku wangu walitawanyika, wote. Nilisikia pumzi yangu mwenyewe ikitoka kwenye spika. Mama aliniona, akainuka kitini kuja kuniokoa, kama alivyoniokoa tangu nilipokuwa darasa la kwanza na sikuweza kumtajia mwalimu jina langu.

"Yuko tayari, mheshimiwa," alikuwa anasema akija. "Ni haya tu zinamsumbua."

Lakini naye alilazimika kupita mbele ya bibi Esteri.

"Mwakeye, dada," akasema bibi, na mikono ya mama ikawa imekamatwa. Aliulizwa usingizi, duka, mguu unaomuuma. Mama, ambaye humaliza salamu huku anapima kitambaa, aliitikia moja moja.

"Na kwenu?"

"Pangani."

"Pangani yupo nani?"

Mama alifikiri. "Makaburi ya wazazi."

"Na wanao?"

"Wawili wako Dar. Huyu..." Alinitazama. "Huyu amekuwa kwako."

"Na usiku unalala wapi, dada yangu?"

"Kasulu."

"Basi kwenu ni wapi?"

Mama alisimama pale, mtandio umemteleza, mikono yake ndani ya mikono mikubwa ya bibi Esteri. "Ni kote huko, da Esteri," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo. "Umeanza kunichanganya." Watu walicheka, naye akacheka, lakini hakwenda kukaa.

Kisha bibi Esteri akanigeukia mimi.

Alinishika juu ya viwiko, nami nikamshika, kipaza sauti kikabaki kimeminywa kati ya mkono wangu na kifua, kinanguruma kidogo. Mikono yake ilinuka muhogo na sabuni ya mche. Mwakeye. Umeamkaje? Nilisema nimeamka salama. Paa? Halikuvuja. Watoto wa shule? Niliwatazama, wamekaa kwenye nyasi na vibao vyao, Niyonsaba amelalia kibao cha Tanga kama mto. Nikasema hawajambo, wameigiza vizuri. Ng'ombe? Hawajambo, bibi, nikajibu, na uwanja mzima uliojua sina ng'ombe ukacheka pamoja nami. Nilikuwa njiani, kwenye njia ninayoijua kila kona yake, na miguu ilikuwa inaenda yenyewe.

"Na kwenu?" akauliza bibi Esteri.

Lilikuwa ndilo swali la asubuhi ile ya Machi, lililobaki hewani na mlango wazi. Nilijua jibu la kila siku. Pangani nimefika mara moja tu, nikiwa mtoto wa kubebwa. Nilimtazama mama juu ya bega la bibi, naye alikuwa ananitazama machoni, kama alivyozoea. Safari hii sikutaka aniokoe kwa macho. Nilitaka asikie.

"Kwetu ni hapa," nikasema, na spika ikalichukua neno ikalipeleka juu ya turubai, juu ya paa za madarasa, hadi kwenye mashamba ya maharage. Halikurudi. "Mama, sihami. Nataka kubaki Nyakitonto. Kila Ijumaa nitakuja kulala kwenye lile godoro, tule pamoja, uzime redio."